Sura ya Herufi na Msomaji wa Kiswahili: Uhakiki wa Majaribio ya Usomekaji

Wataalamu wa Kiswahili wameandika mengi juu ya tahajia. Tangu Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, mjadala juu ya namna ya kuandika maneno, kuyatenga na kuyaunganisha haujakauka. Ama kuhusu sura ya herufi zenyewe, yaani umbo la a, unene wa miguu ya n, na nafasi inayoachwa kati ya r na n, kwa kawaida mwanaisimu humwachia mpiga chapa. Mpiga chapa naye humwachia aliyemuuzia mashine, na siku hizi kompyuta huwa imekwisha kuchagua kabla ya mtu kugusa kitufe cha kwanza. Makala hii inakusudia kuhakiki kazi ya wale ambao hawakuliacha suala hilo lijiendee: wasanifu na wanasaikolojia waliounda fonti, wakaziweka mbele ya wasomaji, wakapima, kisha wakatangaza kwamba fonti fulani inasomeka kuliko nyingine. Swali linaloulizwa ni moja: inasomeka kwa nani, na katika lugha gani?

Swali hilo si la anasa. Katika fotokopi iliyofifia, neno «karne» likichapwa kwa herufi zilizobanana husomeka «kame». Mwanafunzi wa historia huokolewa na muktadha, kwa kuwa hakuna kame ya 19. Lakini akikuta «hapo» mahali palipoandikwa «hapa», muktadha mara nyingi haumsaidii, kwa sababu maneno yote mawili ni Kiswahili safi na sentensi hubaki imesimama wima, ila imebadilika maana. Vijitabu vya mihadhara vinavyopita mikononi mwa wanafunzi wa vyuo vya Kongo, nakala ya nakala ya nakala, ndipo mahali ambapo sura ya herufi huacha kuwa jambo la urembo.

Historia ya majaribio

Kwa kawaida historia hii huanzishwa Paris, kwa daktari wa macho Louis Émile Javal (1839–1907), ambaye tangu mwaka 1878 alichapisha mfululizo wa makala juu ya fiziolojia ya kusoma. Yeye na wenzake hukumbukwa kwa kuonyesha kwamba jicho la msomaji haliserereki juu ya mstari kama maji mferejini, bali huruka na kutua, huruka na kutua. Alionyesha pia kwamba nusu ya juu ya mstari hubeba habari nyingi kuliko nusu ya chini. Ukifunika nusu ya chini ya maandishi ya Kifaransa kwa karatasi, bado utasoma, lakini ukifunika ile ya juu utakwama. Kitabu chake kikubwa juu ya kusoma na kuandika kilitoka mwaka 1905, naye wakati huo alikuwa amekwisha kuwa kipofu.

Marekani ilifuata kwa vipimo zaidi. Mwaka 1912 Barbara Roethlein, wa Chuo Kikuu cha Clark, alichapisha uchunguzi uliolinganisha fonti mbalimbali, akaonyesha jambo ambalo wasanifu wengi wamelisahau mara nyingi: herufi iliyosimama peke yake hutambulika kwa urahisi kuliko herufi hiyohiyo ikiwa imezungukwa na wenzake. Kwa hiyo anayepima a peke yake hajaipima a ya «wanawake».

Miles Tinker na Donald Paterson wa Chuo Kikuu cha Minnesota ndio walioifanya kazi hii kuwa taaluma. Kwa miaka mingi walipima kasi ya kusoma, si utambuzi wa herufi moja moja. Walitumia aya fupi za maneno 30 ambamo neno moja liliharibu maana. Msomaji alitakiwa kulikata neno hilo, na kwa njia hiyo ikahakikishwa kwamba amesoma kweli, hakupitisha macho tu. Matokeo yao, yaliyokusanywa katika kitabu cha Tinker cha mwaka 1963 juu ya usomekaji wa chapa, yaliwakatisha tamaa wauza fonti. Fonti za kawaida zilizozoeleka vitabuni zilisomwa kwa kasi inayokaribiana sana. Zilizoachwa nyuma waziwazi ni zile za mtindo wa Kigothi, kwa zaidi ya asilimia 10, na maandishi yaliyochapwa yote kwa herufi kubwa nayo yalisomwa polepole zaidi.

Sifa kubwa ya Tinker ni kwamba hakuwa na fonti ya kuuza. Si wote waliokuwa hivyo. Mwaka 1959 Sir Cyril Burt, mwanasaikolojia mwenye jina kubwa Uingereza, alitoa kitabu juu ya saikolojia ya uchapaji. Dibaji iliandikwa na Stanley Morison, ambaye ndiye aliyeongoza usanifu wa fonti ya Times New Roman, iliyochorwa na Victor Lardent na kutumiwa kwa mara ya kwanza na gazeti la The Times tarehe 3 Oktoba 1932. Burt alitoa jedwali la ukubwa wa herufi unaofaa watoto wa kila umri, kuanzia pointi 24 kwa walio chini ya miaka 7. Jedwali hilo lilinukuliwa kitabu hadi kitabu. Mwaka 1983 James Hartley na Donald Rooum waliyapitia upya madai ya Burt na kuonyesha kwamba ushahidi uliotolewa haukutosha kuyabeba. Mwamba ngoma, wahenga walisema, ngozi huivutia kwake. Haisemwi hapa kwamba Morison alimshawishi Burt, bali kwamba kitabu kilichotangaza kuwa mazoea ya wachapaji wa Uingereza ni mazuri kilizaliwa miongoni mwa wachapaji wa Uingereza, na cheo cha mwandishi kikafanya kazi ambayo takwimu zilipaswa kuifanya. Wanaohamisha jedwali la namna hiyo kulipeleka katika kitabu cha kiada cha Kiswahili wanahamisha pia udhaifu wake.

Uwanja wa Benson

Jaribio linalostahili kuchunguzwa kwa utulivu zaidi ni lile la vibao vya barabarani vya Uingereza. Mwaka 1957 serikali iliunda kamati ya kushughulikia vibao vya barabara kuu mpya za magari. Jock Kinneir alipewa kazi ya usanifu, akamwita Margaret Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa mwanafunzi wake, wafanye kazi pamoja. Walitengeneza fonti isiyo na serifu, yaani isiyo na vile vistari vidogo vinavyomalizia ncha za herufi. Baadaye fonti hiyo iliitwa Transport. Majina ya miji yaliandikwa kwa herufi ndogo, isipokuwa ile ya kwanza. Herufi l ilipewa mkunjo mguuni ili isichanganywe na I kubwa wala na tarakimu 1.

Mpinzani wao alikuwa David Kindersley, mchonga herufi katika mawe, aliyejifunza kwa Eric Gill. Yeye alishikilia kwamba jina la mji kwenye kibao halisomwi kama riwaya. Dereva anahitaji kuitambua kila herufi, kwa hiyo herufi kubwa zenye serifu, zilizopangwa kwa nafasi iliyopimwa vizuri, zingemfaa zaidi na zingetumia kibao kidogo. Alichora fonti yake, akadai ipimwe.

Maabara ya Utafiti wa Barabara ilizipima katika uwanja wa ndege wa Benson, Oxfordshire. Watu waliojitolea waliketi katika viti vilivyopangwa ngazi ngazi, na gari lenye kibao juu ya paa likaendeshwa kuwaelekea. Kilichopimwa ni umbali ambao kila mmoja aliweza kusoma jina. Ripoti ya mwaka 1961 ilionyesha kwamba herufi za Kindersley zilisomwa kutoka mbali kidogo zaidi, kwa kiasi cha asilimia 3 hivi. Watafiti walisema kuwa, kwa kuwa tofauti ni ndogo, uchaguzi unaweza kufanywa kwa kuangalia sura. Kamati ikaangalia sura, na Kinneir na Calvert wakashinda. Tangu tarehe 1 Januari 1965 vibao vyao vimekuwa ndivyo vibao rasmi vya Uingereza.

Wahakiki wengi wameisimulia habari hii kama dhuluma aliyotendewa Kindersley, au kama ushindi wa usasa dhidi ya ukale. Masimulizi yote mawili yanaikosa shabaha. Jambo zito ni kwamba jaribio lilipima kitu kimoja na barabara inadai kingine. Waliojitolea walikuwa wameketi. Hawakuwa wakishika usukani, hawakuwa wakichagua njia kati ya tatu, wala hawakuwa wakiogopa lori la nyuma. Zaidi ya hayo, kusoma jina usilolitarajia ni kazi moja, na kulitafuta jina unalolijua kati ya majina manne ni kazi nyingine kabisa. Anayetafuta jina analolijua huhitaji kidokezo kidogo tu, kama urefu wa neno, shingo ya h, au mkia wa g, na hapo herufi ndogo humsaidia. Anayesoma jina geni hana kidokezo, atalazimika kulijenga herufi kwa herufi, na hapo huenda Kindersley alikuwa na haki. Kwa hiyo asilimia 3 za Benson si kweli wala si uongo, ni jibu la swali ambalo halikuulizwa vizuri. Hata hivyo uamuzi wa kamati haukuwa wa kipumbavu. Tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, kuangalia mambo mengine ni busara, mradi isitangazwe baadaye kwamba sayansi ndiyo iliyochagua.

Marekani ilipata somo la aina hiyo miaka 40 baadaye. Fonti ya Clearview, iliyosanifiwa na Donald Meeker na James Montalbano ili ichukue nafasi ya fonti ya zamani ya barabara kuu, ilipimwa na kuonekana kuwaongezea madereva wazee umbali wa kusomea usiku. Mwaka 2004 ikaruhusiwa kwa muda, na majimbo mengi yakabadilisha vibao. Mnamo Januari 2016 ruhusa ikaondolewa. Utafiti wa baadaye haukuonyesha faida thabiti, na katika vibao vyenye herufi nyeusi juu ya rangi nyeupe ilikuwa mbaya zaidi. Ilielezwa pia kwamba sehemu ya faida iliyoonekana mwanzoni ilitokana na kulinganisha vibao vipya vinavyong'aa na vibao vya zamani vilivyochakaa. Mwaka 2018 ruhusa ikarudishwa. Kupima shati jipya dhidi ya shati lililofuliwa mara mia, kisha kumsifu fundi cherehani, ni kosa ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekatwa alama, ila hapa lilipita miaka mingi mbele ya macho ya wahandisi.

Mfano wa tatu ni mfupi. Fonti iitwayo Dyslexie iliundwa Uholanzi na Christian Boer mwaka 2008 kwa ajili ya watu wenye matatizo ya kusoma. Herufi zake ni nzito chini, ili zisipinduke machoni. Mwaka 2016 Eva Marinus na wenzake waliwapima watoto na kuona kwamba kweli waliisoma kwa kasi kidogo zaidi kuliko Arial. Kisha wakaichukua Arial hiyohiyo, wakaipanulia nafasi kati ya herufi na kati ya maneno hadi ikalingana na Dyslexie. Tofauti ikatoweka. Kilichowasaidia watoto kilikuwa nafasi, si umbo.

Neno la Kiswahili mbele ya jicho

Majaribio yote yaliyotajwa yalifanywa kwa lugha za Ulaya. Hilo si kosa la waliyoyafanya, ila huwa kosa la anayeyapokea bila kuuliza. Kiswahili huandikwa kwa herufi zilezile za Kilatini, na kwa hiyo hudhaniwa kwamba kitasomeka kama vile Kiingereza au Kifaransa kinavyosomeka. Lakini herufi hizo zimepangwa kwa mpango mwingine, na hapo mambo manne yanahitaji kuangaliwa, ingawa uzito wao haulingani.

La kwanza ni dogo: kipimo cha kasi. Kuhesabu maneno kwa dakika hakuna maana kati ya lugha hizi. «Hatukuwaona» ni neno moja. Mfaransa atahitaji sita, «nous ne les avons pas vus». Aya ya maneno 30 ya Tinker ikitafsiriwa kwa Kiswahili haibaki na maneno 30 wala uzito uleule, na msomaji wa Kiswahili akipimwa kwa hesabu hiyo ataonekana goigoi bila sababu. Urefu huo wa maneno una athari pia katika safu nyembamba zilizosawazishwa pambizo zote mbili. Neno kama «hatukuwasahihishia», lenye herufi 18, likikataa kuingia mwishoni mwa mstari huacha nyuma yake mashimo meupe ambayo jicho hutumbukia.

La pili ni umbo la jumla la neno. Tangu James McKeen Cattell alipoonyesha mwaka 1886 kwamba neno zima hutambulika kwa haraka ya kushangaza, wasanifu wengi wamependa kuamini kwamba msomaji hulitambua neno kwa mchoro wake wa nje, kwa shingo na mikia yake. Utafiti wa miongo ya karibuni umeipunguzia nguvu nadharia hiyo na kurudisha heshima ya herufi moja moja. Msomaji wa Kiswahili hakuhitaji kusubiri utafiti huo. Neno «mwanamume» halina shingo wala mkia hata mmoja. «Anawaona» na «unawaona» yana mchoro mmoja wa nje, na tofauti yote ya nafsi, yaani kati ya yeye na wewe, imo katika herufi moja ndogo mwanzoni mwa neno. Lugha ambayo sarufi yake imewekwa katika viambishi vya herufi moja au mbili haiwezi kutegemea umbo la jumla.

Hilo linaongoza kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote. Majaribio ya Ulaya huhesabu makosa ya kutambua herufi kana kwamba kila kosa lina bei moja. Katika Kiingereza au Kifaransa herufi moja ikisomwa vibaya, mara nyingi hutokea neno lisilokuwepo, na akili hulikataa na kurudi nyuma. Katika Kiswahili kosa la herufi moja mara nyingi huzaa neno halali. Amesoma, umesoma. Huyu, huyo. Haya, hayo. Hapa, hapo. Mwalimu aliyekusudia kuonyesha kitu kilicho karibu hujikuta ameonyesha kilichokwisha kutajwa. Kwa hiyo tofauti kati ya a, o na u, ambayo kwa Mwingereza ni mojawapo tu ya nyingi, kwa Mswahili ni nguzo ya sarufi. Sasa zichukuliwe fonti za mtindo wa Futura, iliyosanifiwa na Paul Renner na kutolewa mwaka 1927, ambamo a ni duara lenye mguu mmoja wima upande wa kulia. Vitabu vingi vya watoto hupenda a ya namna hiyo, kwa hoja kwamba inafanana na ile ya mwandiko wa mkono. Katika karatasi safi haina ubaya. Nakala inapofifia, mguu hukonda, na kinachobaki ni o. Fonti hiyo inaweza kushinda kila jaribio la Kiingereza na bado ikamharibia mtoto wa darasa la pili viashiria vyake vyote. Hata kanuni ya Javal haimwokoi, kwa maana katika fonti hizo nusu ya juu ya «hapa» na nusu ya juu ya «hapo» hazitofautiani kwa jambo la kutegemewa.

Kwa upande mwingine, haki itendeke, tahajia ya Kiswahili humlinda msomaji mahali ambapo ya Kiingereza humtupa. Kuchanganya e na c ni miongoni mwa makosa yanayojulikana sana katika majaribio ya Ulaya. Katika tahajia sanifu ya Kiswahili c haionekani ila mbele ya h. Doa linalofanana na c mahali pengine popote ni e, na msomaji hulirekebisha bila hata kujua. Lugha hii haina alama juu ya vokali za kupotea katika fotokopi, tofauti na Kifaransa. Silabi zake karibu zote huishia kwa vokali, na utaratibu huo humpa msomaji matarajio. Msanifu anayejua haya angejua pia mahali pa kutumia nguvu zake: si katika kufungua mdomo wa e, bali katika kuitofautisha a na o, katika kuipa n nafasi mbele ya r ili «karne» isigeuke «kame», na katika kuitenga I kubwa na l, kwa kuwa sentensi nyingi za Kiswahili huanza kwa «Ili» na «Ilikuwa», ambazo katika fonti nyingi zisizo na serifu huonekana kama vijiti vilivyopangwa sokoni. Mkunjo ule wa Calvert na Kinneir katika mguu wa l, uliochorwa kwa ajili ya barabara za Uingereza, ungefanya kazi zaidi katika kitabu cha hadithi cha Kiswahili.

La nne ni ritifaa ya ng'. Miaka ya 1920 Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, yenye makao London, ilipendekeza herufi ŋ kwa sauti hiyo. Kiswahili hakikuipokea, na sababu za kiuchumi zaeleweka: mashine nyingi za chapa hazikuwa nayo. Lakini ritifaa katika mashine ya chapa hupewa upana uleule wa herufi kamili, na neno kama «kung'ang'ania» hukatika vipande vitatu vya kusikitisha. Katika fonti za vitabu ritifaa hupangwa kama mgeni, kwa sababu wasanifu wake waliizoea mahali pa herufi iliyodondoshwa, kama Kifaransa kinavyoitumia, ambapo inatenganisha. Katika Kiswahili haitenganishi kitu. Ni sehemu ya herufi, na kati ya «ngoa» na «ng'oa» ndiyo tofauti pekee.

Ushahidi wa Elisabethville

Inaweza kupingwa kwamba haya yote ni madogo mbele ya uzoefu wa msomaji. Pingamizi hilo lina nguvu, na ushahidi wake uko Kongo yenyewe. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji wa Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani. Maandishi hayo yalipigwa kwa mashine na kurudufiwa, kwa Kiswahili cha mji huo. Johannes Fabian aliyachapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990, akishirikiana na Kalundi Mango. Ugumu uliowakabili haukuwa wa sura ya herufi. Mipaka ya maneno ilihamahama, vituo vilikosekana au vilitokea pasipotarajiwa, na njia iliyofaa ilikuwa kuyasoma kwa sauti hadi sikio lipate kile ambacho jicho lilikikosa. Maandishi hayo yakiwekwa katika fonti bora kuliko zote duniani hayataongezeka usomekaji hata kidogo kwa aliyelelewa katika tahajia sanifu. Na kinyume chake, msomaji wa Katanga aliyeikulia lugha ile angeyapita bila kujikwaa mahali ambapo mhitimu wa chuo hukwama.

Je, basi majaribio hayana faida? Hapana. Kinachoonyeshwa na kitabu cha Yav ni kwamba mtahiniwa katika jaribio la usomekaji si fonti peke yake. Anayepimwa ni msomaji na mazoea yake, pamoja na tahajia aliyofundishwa, na fonti huja baada ya hayo. Tinker aliliona hilo kwa sehemu alipokuta fonti zilizozoeleka zikilingana kasi. Lakini yeye aliweza kuyachukulia mazoea kuwa ya namna moja, kwa sababu wasomaji wake walikuwa wameshiba chapa tangu utotoni. Kwa Kiswahili cha Kongo, ambako wengi hujifunza kusoma kwa Kifaransa kabla ya kusoma lugha yao wenyewe au sambamba nayo, mazoea hayo hayawezi kuchukuliwa kuwa ya namna moja.

Jaribio linalofaa si gumu kulipanga. Mbinu ya Tinker ya neno linaloharibu maana inaweza kuhifadhiwa, ila kiharibifu kiwe herufi moja, na kikae mahali sarufi inapouma: «Mto ule amejaa tangu jana», «Mwalimu wetu umefika». Msomaji atakayepita bila kukata ameonyesha kwamba jicho lake lilimpa alichokitarajia, si kilichoandikwa. Fonti zitakazolinganishwa zisawazishwe nafasi kwanza, kama Marinus na wenzake walivyofanya, na zote zichapwe siku moja, kwa mashine moja, kwa wino mmoja, ili aibu ya Clearview isijirudie. Kisha zisipimwe katika karatasi ya kwanza bali katika nakala ya tatu ya fotokopi, kwa mwanga wa jioni, maana hiyo ndiyo hali ambamo kurasa hizi husomwa. Wasomaji wawe wa aina mbili angalau, watoto wa shule ya msingi na wanafunzi wa lisansi, na baadhi yao wasome kwa sauti, kwa sababu kosa la hapa na hapo husikika kabla halijaonekana kwenye takwimu.

Litabaki tatizo moja ambalo hakuna msanifu aliyetajwa katika makala hii aliyekumbana nalo. Ukurasa wa mwanafunzi wa Kongo mara chache huwa wa lugha moja. Ufafanuzi huwa kwa Kifaransa, na mifano kwa Kiswahili, mara nyingi katika mstari mmoja, é na ng' zikigusana mabega. Jicho linaloruka na kutua huvuka mpaka wa lugha mara kadhaa kabla ya kufika pambizo, na kila linapovuka hubadilisha matarajio: upande mmoja a ni herufi miongoni mwa herufi, upande wa pili ndiyo nafsi ya tatu. Kurasa za namna hiyo zingepaswa kuingizwa katika jaribio tangu siku ya kwanza, na makosa ya kila upande yahesabiwe katika daftari lake.